Mstaafu wa kigeni Dar es Salaam: karatasi zinazotegemeana na jinsi ya kuzihuisha

Ukipita Upanga, Msasani au Mikocheni asubuhi utawakuta. Wazee wa kigeni wanaonunua papai kwenye genge lilelile miaka nenda rudi, wanaomjua muuza magazeti kwa jina la mama yake, wanaoitikia "marahaba" bila kufikiri. Wengine walikuja kufundisha Mlimani, wengine waliletwa na miradi ya maji na barabara, wengine na kanisa. Wapo pia waliozaliwa hapahapa Kisutu, wakaondoka na wazazi wao baada ya 1971, Serikali ilipotaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, kisha wakarejea uzeeni wakiwa na pasipoti ya Kanada au Uingereza. Mtaani wanahesabiwa wenyeji. Kwenye mfumo wa Uhamiaji ni wageni wenye kibali cha muda.

Majirani hushangaa. "Mzee yuko hapa tangu enzi za Mwalimu, naye bado anaomba kukaa?" Anaomba. Sheria ya Uhamiaji ya 1995 haina daraja la ukaazi wa kudumu. Kibali hutolewa kwa muda usiozidi miaka 3 na kinaweza kuongezwa, lakini kibali cha mwanzo pamoja na nyongeza zake hukomea miaka 5. Ikifika hapo, unaanza na ombi jipya. Miaka uliyokaa haigeuki kuwa haki hata ikiwa 30. Itamsaidia ofisa kuona kwamba wewe si mtu wa matatizo, lakini kila ombi linasimama kwa miguu yake: una pasipoti hai, una mapato, na sababu iliyokuleta bado ipo.

Mkanganyiko mwingi unatokana na kuchanganya vitu vinne vinavyotolewa kwa sababu tofauti. Viza ni ruhusa ya kuingia. Ya kawaida ya utalii ni dola 50 kwa safari moja, na Wamarekani hulipa dola 100 kwa ile ya kuingia mara nyingi. Kila ukiingia hupewi zaidi ya siku 90. Pasi ni ruhusa ya kuwemo nchini kwa muda mfupi au kwa mgongo wa mtu mwingine, kama ile ya mtegemezi. Kibali cha ukaazi ndicho kinachokuruhusu kuishi, nacho kina madaraja matatu: A ni ya wawekezaji na waliojiajiri, B ni ya walioajiriwa, na C ni ya waliobaki, yaani wanafunzi, watafiti, wamisionari, wanaojitolea na wastaafu. Cha nne ni kibali cha kazi, ambacho hakitoki Uhamiaji kabisa. Hicho ni cha Kamishna wa Kazi, chini ya sheria ya 2015 inayosimamia ajira za wageni.

Wapo wastaafu wanaojaribu kuishi kwa viza. Siku 90 zikikaribia kwisha wanapanda basi hadi Namanga, wanagonga muhuri upande wa Kenya, wanalala Nairobi, wanarudi. Inawezekana kufanya hivyo mara kadhaa bila mtu kukuuliza. Lakini muhuri wa mtalii mwenye nyumba ya kupanga, gari, mbwa wawili na msaidizi wa kazi za ndani una siku utakaosomwa na ofisa makini, na siku hiyo hutakuwa na jibu zuri. Mtu wa miaka 70 hana haja ya kuishi kwa kubahatisha mpakani.

Tukirudi kwenye daraja C, jambo ambalo wengi hawalielewi ni kwamba kibali hakisemi tu kwamba unaruhusiwa kukaa, kinasema pia unakaa kwa ajili ya nini. Cha mstaafu kinamruhusu kuishi kwa fedha zake zinazotoka kwingine. Hakimruhusu kutafuta fedha hapa. Ukisimuliwa hivyo unaona ni jambo dogo, lakini maisha ya Dar yalivyo, mzee mwenye ujuzi haachwi akae kimya.

Chukua mfano wa mhandisi mstaafu anayeishi Mbezi Beach. Mpangaji wa jirani anamwomba aangalie ramani ya ghorofa kabla fundi hajamwaga zege. Shule ya karibu inamwomba afundishe hisabati siku mbili kwa wiki, bure. Rafiki mwenye nyumba ya wageni anamwambia, "Mzee wangu, nina Waitaliano kesho, wapeleke Bagamoyo ukawaonyeshe Kaole, nitakupa ya mafuta." Hakuna hata mmoja mwenye nia mbaya. Lakini kukagua ramani kwa malipo ni kazi, inataka kibali cha kazi. Kufundisha bure ni kujitolea, na kujitolea kuna utaratibu wake ambao kibali cha mstaafu hakiufuniki. Na ile safari ya Bagamoyo ndiyo hatari kuliko zote.

Ni hatari kwa sababu ya amri ya Julai 2025 chini ya sheria ya leseni za biashara, iliyotaja shughuli 15 ambazo mtu asiye raia haruhusiwi kuzifanya. Watu wengi waliisoma wakidhani inawahusu wachuuzi wa Kariakoo peke yao, kwa kuwa kelele zilianzia huko. Ukiisoma taratibu unakuta imemgusa mstaafu sehemu kadhaa: kuongoza watalii, maduka ya vinyago na kumbukumbu za utamaduni, udalali wa nyumba na biashara, saluni, uwakala wa kutuma na kutoa fedha kwa simu, ununuzi wa mazao shambani, viwanda vidogo. Adhabu kwa mgeni ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi 6, na viza yake au kibali chake hufutwa. Raia anayemsaidia naye ana faini yake ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Kwa hiyo yule rafiki wa Waitaliano, pamoja na ya mafuta yake, anajiingiza mwenyewe.

Binafsi naona sehemu ya amri hiyo ni pana mno. Sioni mzee anayewatembeza wageni wawili magofuni anamnyang'anya nani mkate. Lakini maoni yangu hayamlindi mtu. Mstaafu mwenye akili hujifunza kusema "hapana" mapema, na akitaka kweli kufanya shughuli, anabadilisha daraja la kibali kwanza.

Upande wa pili wa sharti hilohilo ni kuthibitisha kwamba fedha zako zipo na zinatoka nje. Hapa ndipo mambo ya nchi alikotoka mzee yanapoingilia maisha yake ya Dar. Mwingereza anayepokea pensheni ya serikali ya kwao akiwa anaishi Tanzania haongezewi kila mwaka kama mwenzake aliyebaki London. Uingereza huongeza pensheni za raia wake walio nje katika nchi za Ulaya na zile zenye makubaliano nayo tu, na Tanzania haimo. Kiwango alichoanza nacho siku ya kwanza ndicho anachokufa nacho. Miaka 15 baadaye bei ya mchele imepanda, kodi ya nyumba imepanda, karatasi ya pensheni inasoma namba ileile. Anapohuisha kibali anaambatanisha karatasi hiyo, huku mwenyewe akijua kwamba haitoshi kama zamani, na taarifa ya benki ya miezi ya karibuni ikionyesha hivyohivyo.

Kisha kuna fomu ya kuthibitisha uhai. Mifuko ya pensheni ya Uingereza na Ujerumani, kwa mfano, hutuma karatasi ambayo mpokeaji huisaini mbele ya shahidi anayekubalika kuonyesha kwamba bado anapumua. Asipoirudisha, malipo husimama. Wastaafu wetu hawahitaji maelezo marefu hapa, uhakiki wanaujua. Tofauti ni kwamba wa mgeni huenda mbali, na wakati mwingine hupotea katikati ya bahari na sanduku la posta. Pensheni ikisimama miezi miwili kabla ya kuomba kibali, ushahidi wa mapato nao unakuwa na shimo.

Tangu Machi 2025 kuna kanuni nyingine iliyowagusa: bei na malipo ya bidhaa na huduma ndani ya nchi ni kwa shilingi, si kwa fedha za kigeni. Nyumba za Masaki na Oysterbay zilizokuwa zikipangishwa kwa dola zimelazimika kubadili mikataba. Mwenye pensheni ya pauni au yuro sasa anabeba mwenyewe hatari ya kupanda na kushuka kwa shilingi mwezi kwa mwezi. Mkataba wa zamani wa dola usiuambatanishe kwenye ombi lolote ukidhani unaonyesha uwezo. Andikeni mwingine.

Sasa kwenye kuhuisha kwenyewe. Wazee wengi wanahangaika si kwa sababu hatua ni nyingi, ila kwa sababu wanazifanya kwa mpangilio usio wake. Karatasi hizi zimepangwa kama matofali ya ukuta: ya chini ikitoka, za juu hazina pa kukalia. Ya chini kabisa ni pasipoti. Kibali hukaa juu ya pasipoti, kwa hiyo pasipoti iliyobakiza miezi michache haiwezi kubeba kibali cha miaka 2. Juu ya kibali kinakaa kitambulisho cha NIDA cha mgeni mkaazi, ambacho hutolewa kwa mgeni anayeishi nchini kihalali kwa zaidi ya miezi 6. Juu ya hivyo kuna laini ya simu, ambayo tangu 2020 haisajiliwi bila alama za vidole, na juu ya laini kuna fedha za simu, ambazo kwa Dar ni sawa na kusema maji, umeme, bodaboda na nyanya. Pembeni yake ipo akaunti ya benki. Benki huweka tarehe ya mwisho ya kibali kwenye kumbukumbu zao, na ikipita bila kupelekewa kipya, mteja anaweza kukuta akaunti imezuiwa kutoa fedha siku ambayo ndiyo anataka kulipia kibali.

Anza basi na pasipoti. Balozi nyingi siku hizi hazichapishi pasipoti hapa. Ombi huenda kwao na pasipoti hurudi kwa msafirishaji, na hiyo ni safari ya wiki kadhaa. Ukipata mpya usitupe ya zamani, maana kibali kilichopo kinasoma namba ya zamani. Safiri na zote mbili hadi taarifa zibadilishwe. Halafu tafuta barua mpya ya pensheni, na uthibitisho wa uhai kama umekaribia. Kisha ndipo uingie kwenye ombi la kibali: barua ya maombi inayosema kwa ufupi wewe ni nani na unaishije, picha, kurasa za pasipoti, kibali kinachokwisha, ushahidi wa mapato. Kipya kikitoka, NIDA, benki, simu, kwa mpangilio huo.

Maombi siku hizi hufanywa kwa mtandao. Mfumo wa uhamiaji wa kielektroniki ulizinduliwa Januari 2018, na ule utaratibu wa kubeba faili la manila kutoka dirisha hadi dirisha umepungua sana. Unajaza, unapakia nyaraka, mfumo unakupa kontroo namba, unalipa benki au kwa simu. Hata hivyo, makao makuu ya idara yamehamia Dodoma lakini ofisi yake ya Kurasini bado ipo, na mzee atapanda kwenda huko kama kuna alama za vidole, kasoro kwenye nyaraka au maswali. Atokaye Kigamboni amerahisishiwa na daraja la Nyerere. Wa Mbezi Beach afanye hesabu ya foleni, aende asubuhi mapema, na abebe nakala za kila kitu hata kama vyote viko kwenye mfumo. Shati lenye kola, sauti ya chini, "shikamoo" au "habari za kazi" kulingana na umri wa aliye mbele yako. Sidhani kama adabu inabadilisha sheria, lakini inabadilisha nani atakayekuambia nyaraka ipi imekosekana.

Vishoka wa nje ya geti ni habari nyingine. Wanajua majina ya maofisa, wanajua umekuja kufanya nini kabla hujasema, wana "mtu ndani". Kwa kuwa malipo yote halali hupita kwenye kontroo namba na kuacha risiti, fedha yoyote unayompa mtu mkononi haijalipia kibali. Kibaya zaidi, kibali cha kughushi hakikupi hata muda wa kujitetea: ofisa wa uwanja wa ndege anaingiza namba kwenye mfumo, haipo, na wewe ndiye uliyeishika.

Wale wanaosoma habari za jirani wakadhani ni zetu, wajue tofauti. Kenya ina kibali cha daraja K kwa mtu wa miaka 35 na kuendelea mwenye mapato ya uhakika ya dola 24,000 kwa mwaka. Hicho ni cha Kenya. Zanzibar nayo ina njia kwa mgeni anayenunua nyumba katika miradi iliyoidhinishwa na mamlaka ya uwekezaji huko, na matangazo yake yamejaa mitandaoni. Nyumba ya Dar haifanyi hivyo. Sheria ya Ardhi ya 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na ndiyo maana kila mtaa una hadithi ya mgeni aliyejenga kwa jina la rafiki, urafiki ukaisha, nyumba ikabaki kwa mwenye jina.

Kodi ya mapato ni sehemu ambayo wengi hawaigusi mpaka waulizwe. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, mtu aliyekuwepo nchini siku 183 au zaidi katika mwaka ni mkaazi kwa mambo ya kodi, hata kama Uhamiaji wanamwita mgeni. Mkaazi hutozwa kwa mapato yake ya popote duniani, isipokuwa yule ambaye katika maisha yake yote amekaa Tanzania jumla ya miaka 2 au pungufu. Huyo huangaliwa mapato ya hapa tu. Mstaafu wa miaka mingi yuko nje ya kinga hiyo. Kama pensheni yake imeshakatwa kodi kwao, upo utaratibu wa kuzingatia kodi hiyo ili asilipe mara mbili, na mambo huwa mepesi zaidi palipo na mkataba wa kodi kati ya nchi hizo mbili. Tanzania inayo na nchi chache, zikiwamo Kanada, India, Italia, Sweden, Norway, Denmark, Finland, Zambia na Afrika Kusini. Uingereza, Ujerumani na Marekani hazimo. Hili si la kumwuliza jirani. Mshauri wa kodi aliyesajiliwa, mara moja, na barua yake uihifadhi.

Je, asiombe tu uraia yakaisha? Anaweza. Sheria ya Uraia ya 1995 inataka awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na ndani ya miaka 10 iliyotangulia hiyo miezi awe ameishi jumla ya miaka isiyopungua 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema, na awe na nia ya kuendelea kuishi hapa. Wengi wa wazee hawa wanavuka vigezo hivyo. Kinachowarudisha nyuma ni kwamba Tanzania haikubali uraia pacha kwa mtu mzima. Kuchukua uraia wetu ni kuacha ule wa zamani, na pamoja nao, kwa baadhi yao, matibabu ya kwao na haki ya kurudi kuishi karibu na wajukuu. Mtu wa miaka 72 mwenye moyo unaosumbua hupiga hesabu hiyo na kuamua kuendelea na kibali.

Kwa wale waliozaliwa Kisutu hali inauma kidogo zaidi. Kuzaliwa hapa peke yake hakukuwafanya raia mwaka 1961. Ilibidi angalau mzazi mmoja naye awe amezaliwa Tanganyika. Na waliokuwa raia, walipochukua pasipoti ya Kanada wakiwa watu wazima, uraia wa hapa ulikoma. Sheria imeanza kufungua mlango wa hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania walio na uraia wa kwingine, na kwao hiyo ndiyo njia ya kuiulizia kabla ya kujaza tena fomu ya daraja C.

Ndoa nayo haifanyi kazi jinsi watu wanavyodhani. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia kwa msingi wa ndoa. Mwanamume wa kigeni aliyeoa Mtanzania sheria haimpi njia hiyo. Anaomba kama mgeni mwingine yeyote, kwa miaka na vigezo vyake. Kuna babu wana wajukuu watano Watanzania na bado wanahesabu tarehe ya kibali. Nadhani kifungu hicho kimepitwa na wakati, na si mimi peke yangu ninayesema hivyo, lakini kipo.

Jambo la mwisho huwahusu wenzi ambao wote ni wageni. Mara nyingi mume ndiye mwenye kibali, na mke yumo kama mtegemezi. Ni rahisi na ni nafuu, mpaka mume afariki. Hadhi ya mtegemezi inamtegemea mtu aliye hai na mwenye kibali hai, kwa hiyo mjane anajikuta, katikati ya msiba, akitakiwa kuomba upya kwa jina lake, huku pensheni ya mume ikiwa imesimamishwa na ya mjane haijaanza kulipwa, na akaunti ya benki ikiwa ya marehemu. Wenzi wenye pensheni mbili, hata kama ya mmoja ni ndogo, waulize mapema kama kila mmoja anaweza kuwa na kibali chake. Ada itakuwa zaidi. Mwenye pensheni moja afungue akaunti ya pamoja na aweke maandishi ya mfuko wa pensheni yanayosema mjane atapata kiasi gani na kuanzia lini, kwa kuwa hilo ndilo swali la kwanza atakaloulizwa akifika Kurasini.